Askari mstaafu wa Marekani na nishani ya vita isiyoonekana kwenye kumbukumbu zake

Askari wa Marekani anapomaliza utumishi wake hukabidhiwa hati iitwayo DD 214, na hati hiyo ndiyo atakayoitoa kila atakapoulizwa alitumikia wapi, kwa muda gani na aliondokaje jeshini. Katika toleo linalotumika sasa, kisanduku cha 13 huorodhesha nishani, medali, beji na riboni alizotunukiwa au alizoruhusiwa kuvaa. Mtu aliyepigana na kujeruhiwa, ikiwa kisanduku hicho hakisemi hivyo, mbele ya ofisi za serikali huhesabiwa kuwa hakupigana wala hakujeruhiwa, hadi atakapothibitisha vinginevyo. Kuna njia ya kisheria ya kuirekebisha hati hiyo, na iko wazi hata kwa mtu aliyetoka jeshini nusu karne iliyopita, lakini imejaa masharti ambayo waombaji wengi huyafahamu baada ya kukataliwa. Kwa maoni yangu, sababu kubwa ya kukataliwa kwao ni kwamba husimulia ushujaa wao kwa moyo wote mbele ya chombo ambacho kazi yake ni kulinganisha karatasi na kanuni.

Ni vema kwanza kuona kwa nini mstari mmoja kwenye hati una uzito kiasi hicho. Heshima peke yake ni sababu ya kutosha. Mtu aliyemwaga damu ana haki ya kuona jambo hilo limeandikwa. Lakini yapo pia mafao. Sheria ya mafao ya wastaafu wa jeshi la Marekani inasema kwamba aliyepambana na adui ataaminiwa kwa maelezo yake mwenyewe kuhusu jeraha au ugonjwa alioupata vitani, mradi maelezo hayo yalingane na mazingira ya utumishi wake, hata kama hakuna karatasi ya hospitali ya wakati ule. Beji ya mapigano au nishani ya Purple Heart, ambayo hutolewa kwa aliyejeruhiwa au kuuawa na adui, ni miongoni mwa njia nyepesi za kuonyesha kwamba mtu alipambana kweli. Asiye nayo hulazimika kuthibitisha kwanza kwamba alikuwa vitani, kisha ndipo aanze kuzungumzia maumivu yake. Mwaka 2010 masharti yalilegezwa kwa waliopata maradhi ya akili yatokanayo na hofu ya kushambuliwa, lakini kwa majeraha ya mwili tofauti hiyo bado ni kubwa. Mwenye Purple Heart huwekwa kundi la tatu katika foleni ya matibabu ya hospitali za wastaafu na husamehewa kuchangia gharama za matibabu. Na tangu tarehe 1 Agosti 2018, aliyeipata kwa utumishi wa kuanzia Septemba 11, 2001 na akaondoka jeshini kwa heshima hulipiwa masomo kwa kiwango kamili, bila kujali alitumikia muda gani.

Inakuwaje jambo zito namna hii lisiandikwe? Sababu ya kwanza ni ya kibinadamu. Kumbukumbu za vita huandikwa na makarani, na makarani walikuwa mbali na risasi, wakipokea taarifa kutoka kwa makamanda ambao baadhi yao waliuawa au kuhamishwa kabla ya kuandika lolote. Sababu ya pili ni moto. Tarehe 12 Julai 1973 ghorofa ya juu ya kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi, karibu na jiji la St. Louis katika jimbo la Missouri, iliungua, na majalada kati ya milioni 16 na milioni 18 yakateketea. Yalipotea takribani asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, pamoja na asilimia 75 ya majalada ya jeshi la anga ya kati ya Septemba 1947 na Januari 1964, yale ya watu ambao majina yao kwa alfabeti yalifuata Hubbard. Hapakuwa na nakala. Kwa mamia ya maelfu ya waliopigana Ulaya, Pasifiki na Korea, jibu la ofisi tangu siku ile limekuwa kwamba jalada lako halipo.

Sababu ya tatu ni ubaguzi, na haifai kuisema kwa kunong'ona. Waverly Woodson alikuwa tabibu wa kijeshi katika kikosi cha 320 cha maputo ya kuzuia ndege, kikosi cha Wamarekani weusi kilichotua ufukwe wa Omaha, huko Normandy nchini Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Alijeruhiwa na vipande vya mzinga kabla hata ya kugusa mchanga, kisha akafunga majeraha, akatoa risasi na kuokoa waliokuwa wakizama kwa muda wa saa 30. Wakati ule ule wapo waliopendekeza apewe nishani ya juu kabisa, lakini hakuipata, na hakuna mwanajeshi mweusi yeyote aliyepewa Nishani ya Heshima wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jalada lake lilikuwa miongoni mwa yaliyoungua. Alifariki mwaka 2005. Mjane wake na wabunge waliomsaidia waliendelea kudai kwa miaka, wakijibiwa kwamba nyaraka hazitoshi, hadi mwaka 2024 jeshi lilipomtunuku Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, nishani ya pili kwa ukubwa. Kisa hiki kinafundisha jambo la kisheria pia: haki ya kuomba haifi na askari. Mjane, mtoto au mrithi mwingine halali anaweza kuliendeleza ombi.

Chombo kinachopokea maombi haya kinaitwa bodi ya marekebisho ya kumbukumbu za kijeshi. Jeshi la nchi kavu lina yake, jeshi la maji lina yake inayohudumia pia askari wa Marine, na jeshi la anga lina yake. Zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1946, kwa sababu kabla ya hapo askari aliyekuwa na kosa kwenye kumbukumbu zake hakuwa na njia isipokuwa kumwomba mbunge apeleke muswada wa kumhusu yeye peke yake, na Bunge lilikuwa limeelemewa na miswada ya namna hiyo. Wajumbe wake ni raia, na kwa jeshi la nchi kavu kila shauri husikilizwa na jopo la watu watatu. Maneno ya sheria yanampa waziri wa jeshi husika, kupitia bodi hiyo, uwezo wa kurekebisha kumbukumbu yoyote anapoona ni lazima kusahihisha kosa au kuondoa dhuluma. Nayakazia maneno hayo mawili. Kosa ni pale kanuni ilipokiukwa au jambo lilipoandikwa isivyo. Dhuluma ni pale ambapo huenda kanuni ilifuatwa, lakini matokeo yake hayakubaliki mbele ya uadilifu. Waombaji wengi hudai kosa peke yake na kusahau kudai dhuluma, ilhali sheria imewapa yote mawili.

Sasa tuingie kwenye kiini, ambacho ni tofauti ambayo ikieleweka mambo mengine hunyooka. Nishani na beji za vita ziko za aina mbili. Zipo zile ambazo ni stahili: ukitimiza masharti yaliyoandikwa, ni zako, na hakuna kamanda anayetakiwa kukupendekeza kwa hisani yake. Purple Heart iko hapa. Nyingine ni za kupendekezwa, kama Nyota ya Fedha na Nishani ya Heshima, ambapo mtu mwenye mamlaka lazima aandike kuwa tendo fulani la siku fulani lilistahili, na mwingine mkubwa zaidi aidhinishe. Anayeomba stahili huthibitisha kwamba masharti yalitimia. Anayeomba nishani ya kupendekezwa hulazimika kuonyesha kwamba pendekezo liliandikwa na likapotea au likaamuliwa isivyo haki, au aanze safari ya pendekezo jipya, ambayo ina njia yake. Kuchanganya aina hizi mbili kwenye ombi moja, bila kusema kila moja inasimama juu ya nini, kunaweza kuharibu hata ile iliyokuwa imekaribia kukubaliwa.

Beji ya Mapigano ya Askari wa Miguu ilianzishwa Oktoba 1943, na jeshi la nchi kavu limeilinda kwa wivu tangu hapo. Masharti yake yanakwenda kwa pamoja: mwombaji awe alikuwa na fani ya askari wa miguu au ya vikosi maalumu, awe alipangiwa kikosi cha miguu chenye ukubwa usiozidi brigedi, kikosi hicho kiwe kilikuwa kikipambana na adui ardhini, na yeye mwenyewe awepo na kushambuliwa. Likikosekana moja, hakuna beji. Dereva wa lori, askari wa mizinga au askari mhandisi aliyechukua bunduki na kulinda kambi usiku kucha hawezi kuipata, hata kama adui aliyemshambulia ni yule yule aliyemshambulia jirani yake wa miguu. Mwaka 2005 jeshi lilikiri pengo hilo kwa kuanzisha Beji ya Kushiriki Mapigano kwa askari wa fani nyingine, lakini likairudisha nyuma hadi Septemba 18, 2001 tu. Wale wa Vietnam, Korea na Vita Kuu ya Pili waliachwa nje, na miswada iliyowahi kupelekwa Bungeni ili kuirudisha hadi Desemba 1941 haijafua dafu. Ajabu ni kwamba jeshi la maji lilitendewa kinyume chake: riboni yake ya kushiriki mapigano ilirudishwa hadi Desemba 7, 1941 kwa sheria ya mwaka 1999. Kwa hiyo mpishi wa Marine aliyeshambuliwa na kujibu mashambulizi Vietnam ana riboni anayoweza kuidai, na dereva wa jeshi la nchi kavu aliyefanya vivyo hivyo hana. Sijapata kuona sababu ya haki inayotetea tofauti hiyo, na bodi haina uwezo wa kuiondoa kwa kuwa imo ndani ya kanuni yenyewe.

Kuna upande wa neema usiofahamika sana. Askari wa Vita Kuu ya Pili aliyepata Beji ya Mapigano ya Askari wa Miguu, au ile ya matabibu, kati ya Desemba 7, 1941 na Septemba 2, 1945, anastahili pia medali ya Nyota ya Shaba kwa uamuzi uliofikiwa mwaka 1947. Wengi walikuwa wamekwisha rudi uraiani uamuzi ulipotolewa, hawakuambiwa, na medali haikuwafuata nyumbani. Familia yenye hati ya babu inayotaja beji hiyo haina haja ya shahidi. Karatasi yenyewe inatosha, na kwa kawaida jambo hili humalizwa na ofisi ya nishani bila kufika mbele ya bodi.

Purple Heart ndiyo inayoleta mashauri mengi na machozi mengi, hivyo tuitazame kwa karibu. Masharti yake, kwa lugha nyepesi, ni kwamba jeraha liwepo, liwe lilitokana na adui, liwe lilihitaji kutibiwa na mtu wa idara ya tiba, na matibabu hayo yawe yameandikwa rasmi. Maradhi ya akili hayahesabiwi, ajali za kawaida hazihesabiwi, na baridi iliyounguza vidole vya miguu haihesabiwi kwa aliyeumia baada ya Agosti 1951, jambo ambalo liliwaumiza wapiganaji wa Korea. Risasi ya upande wako iliyokupata katikati ya mapambano na adui inahesabiwa. Mtikisiko wa ubongo kutokana na mlipuko unahesabiwa ikiwa ulitibiwa ipasavyo na kuandikwa. Makombora ya Iran yalipoangukia kambi ya Al-Asad nchini Iraq mnamo Januari 2020, askari zaidi ya 100 waligunduliwa kuwa na mtikisiko wa ubongo, wachache wao wakapewa nishani mwanzoni, na jeshi likaongeza wengine 39 mwishoni mwa mwaka 2021 baada ya majalada kupitiwa upya.

Tuchukue mfano wa dereva wa lori mwaka 1968, nchini Vietnam, katika msafara wa kutoka bandari ya Qui Nhon kupanda kwenda Pleiku kwa barabara namba 19, ambako misafara ilikuwa ikiviziwa mara kwa mara. Mlipuko unavunja kioo cha mbele, kipande cha chuma kinaingia kwenye mkono wa kushoto. Tabibu wa kombania anamfunga kando ya barabara, anampa dawa ya kutuliza maumivu, na kesho yake dereva yuko tena kwenye usukani kwa sababu malori yana upungufu wa madereva. Miezi minne baadaye anarudi nyumbani. Katika uchunguzi wa afya wa kuondoka anaulizwa kama ana tatizo lolote, naye, akijua kwamba kusema ndiyo kutamchelewesha siku kadhaa kambini, anajibu kwamba yuko salama na kuweka sahihi.

Baada ya miaka mingi anaomba nishani yake. Mchambuzi wa bodi anafungua kadi yake ya utumishi, ile iitwayo DA 20, na kutazama kisanduku cha 40, cha majeraha. Kiko tupu. Anatazama kisanduku cha 41, cha nishani na medali. Purple Heart haimo. Anapekua orodha ya majeruhi wa Vietnam na jina halipo. Anaitafuta amri ya jumla ya kutoa nishani na haionekani. Anasoma karatasi ya uchunguzi wa kuondoka, iliyosema mzima. Mwombaji ameambatisha picha ya eksirei ya hospitali ya wastaafu inayoonyesha kipande cha chuma mkononi, naye anaamini hiyo imemaliza kila kitu. Bodi inajibu kwamba picha inaonyesha chuma kipo, lakini haisemi kiliingiaje. Ombi linakataliwa kwa maneno ya heshima, yakiambatana na shukrani kwa utumishi wake.

Nyuma ya uamuzi kama huo ziko kanuni mbili za ushahidi. Ya kwanza ni dhana kwamba ofisi za jeshi zilifanya kazi yake ipasavyo: kisanduku kikiwa tupu, huchukuliwa kuwa hapakuwa na cha kuandika. Ya pili ni kwamba jukumu la kuithibitisha hali tofauti liko juu ya mwombaji, naye hufaulu pale tu uzito wa ushahidi unapolalia upande wake. Katika madai ya mafao mambo ni tofauti, kwani huko pande mbili zikilingana, shaka humfaidi mstaafu. Hivyo mtu yule yule, kwa mkono ule ule wenye chuma, anaweza kulipwa fidia ya jeraha la vita na serikali hiyo hiyo inayomkatalia nishani ya jeraha la vita. Wakubwa wa Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, waliwahi kuziagiza bodi ziwaangalie kwa huruma zaidi wale walioachishwa kwa sifa mbaya wakiwa na maradhi ya akili ya vita, kwa waraka wa mwaka 2014 na mwingine wa 2017 ulioufafanua. Huruma hiyo haikuelekezwa kwenye nishani. Ningependa ielekezwe, walau kwa wale ambao majalada yao yaliungua mikononi mwa serikali yenyewe, maana si haki mtunzaji wa kumbukumbu apoteze karatasi kisha amdai mwenye karatasi hasara ya kupotea kwake.

Hata hivyo dereva wetu hajafika mwisho wa njia. Kilichomwangusha ni kutegemea kumbukumbu zinazomhusu yeye mwenyewe tu, ilhali kikosi chake nacho kilikuwa na kumbukumbu. Kila kombania iliandika taarifa ya asubuhi yenye idadi ya watu na nani ametoka, ameingia, amelazwa au ameuawa. Vikosi viliandika kitabu cha matukio ya siku kwa saa, na taarifa za robo mwaka kuhusu yaliyojifunzwa vitani. Nyaraka za vikosi vya Vietnam zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, nazo hazikuguswa na moto wa 1973. Kwa wa Vita Kuu ya Pili na Korea, ofisi ya daktari mkuu wa jeshi ilikuwa imetengeneza muhtasari wa waliolazwa hospitali, ukiwa na namba ya utumishi na aina ya jeraha, na muhtasari huo umewaokoa wengi walioambiwa kuwa jalada lao ni majivu. Hati ya kuachishwa ya wakati ule nayo ilikuwa na kisanduku cha 34, cha majeraha ya vitani, na familia nyingi zinayo kwenye sanduku bila kujua kwamba kilichoandikwa pale ni ushahidi mzito.

Halafu kuna mashahidi. Barua ya rafiki inayosema kwamba fulani alikuwa askari hodari na mtu mwema haina kazi hapa. Inayofaa ni hati ya kiapo ya mtu aliyekuwepo, anayeeleza alisimama wapi, saa ngapi, aliona nini kwa macho yake, nani alimfunga jeraha na kwa nini anaikumbuka siku ile, kisha maelezo hayo yakutane na kitabu cha matukio cha kikosi kinachosema kuwa tarehe hiyo msafara ulishambuliwa mahali hapo. Tabibu aliyetibu, akiwa hai, anazidi mashahidi kumi. Barua ambayo askari aliituma kwa mama yake wiki ile ile, ikiwa na muhuri wa posta, ina nguvu kuliko kumbukumbu ya miaka 50, kwa kuwa iliandikwa kabla hajawa na sababu ya kudai chochote. Bodi huwa na mashaka na maelezo yaliyoandikwa miongo mingi baadaye yakisimama peke yake. Yakiegemea karatasi ya wakati ule, hubadilika kuwa kitu kingine kabisa. Ndiyo maana nasisitiza kazi ya kutafuta nyaraka za kikosi ifanyike kabla ya kujaza fomu.

Kwa nishani za ushujaa, zile za kupendekezwa, mlango ni mwingine. Sheria imeweka muda ambao pendekezo lazima liwasilishwe baada ya tendo, na muda huo ukipita huwezi kulipeleka kwa njia ya kawaida. Lakini sheria ya mwaka 1996 inamruhusu mbunge au seneta kuliwasilisha pendekezo lililochelewa ili jeshi lilipitie kwa sifa zake, likiwa na maelezo ya tendo, fomu ya pendekezo iliyotiwa sahihi na mtu mwenye ufahamu wa tukio, hasa kamanda wa wakati ule, na viapo vya walioshuhudia. Nishani ya Heshima huhitaji zaidi ya hapo, kwani Bunge lazima liondoe kwanza ukomo wa muda kwa sheria.

Kisa cha Paris Davis kinaonyesha jinsi njia hiyo inavyoweza kurefuka. Alikuwa kapteni wa vikosi maalumu, mmoja wa maofisa weusi wachache katika vikosi hivyo, na tarehe 17 na 18 Juni 1965 karibu na Bong Son, Vietnam, alipigana kwa saa nyingi akiwa amejeruhiwa, akakataa amri ya kuondoka kabla ya kuwatoa Wamarekani wenzake waliokuwa wamelala chini ya moto wa adui. Kamanda wake alimpendekeza kwa Nishani ya Heshima. Karatasi zikapotea. Likaagizwa pendekezo lingine, nalo likapotea. Alibaki na Nyota ya Fedha, huku wenzake na watu waliojitolea wakikusanya upya viapo na ushahidi kwa miongo kadhaa, hadi Rais Joe Biden alipomvalisha nishani tarehe 3 Machi 2023. Davis alikuwa na watu wa kumpigania. Nafikiria wasiokuwa nao.

Utaratibu wenyewe si mgumu kama ushahidi. Kwanza mwombaji huagiza jalada lake kutoka St. Louis kwa fomu SF 180 au kwa mtandao. Pili huandikia ofisi ya nishani ya jeshi lake. Kwa nchi kavu iko Fort Knox, Kentucky. Hatua hii hairukwi, maana bodi hurudisha maombi ya watu ambao hawajamaliza njia za chini. Akikataliwa, hujaza fomu DD 149 na kuipeleka kwa bodi pamoja na barua ya kukataliwa. Hakuna ada, wakili si lazima, na mashirika ya wastaafu husaidia bure. Sheria inataka ombi lifike ndani ya miaka 3 tangu kosa ligundulike, lakini bodi inaweza kuusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki. Asiyeandika sababu ya kuchelewa huipa bodi mwanya wa kulifunga shauri bila kugusa kiini chake, hivyo sehemu hiyo ya fomu isiachwe tupu hata kidogo. Sheria pia inazitaka bodi zimalize asilimia 90 ya mashauri ndani ya miezi 10, na lisizidi lolote miezi 18.

Likikubaliwa, hati ya zamani haichanwi; hutolewa DD 215, ambayo huambatishwa kwenye DD 214 na kutaja kilichoongezwa. Likikataliwa, mambo mawili yanabaki. Tangu sheria ya mwisho wa mwaka 2016, bodi inalazimika kulitazama upya ombi wakati wowote likiwa na ushahidi ambao haikuwahi kuuona, na hapo ndipo kitabu cha matukio kilichopatikana kwa kuchelewa hurudisha uhai wa shauri. Njia ya pili ni mahakama ya shirikisho ndani ya miaka 6 tangu uamuzi. Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha mwaka 1983 kwamba maamuzi ya bodi hizi yanaweza kutenguliwa yakiwa ya kiholela au yasiyo na ushahidi wa kutosha. Lakini jaji hagawi nishani, hurudisha shauri kwa bodi lisikilizwe vizuri zaidi.

Haya yanawagusa wasomaji wa Kiswahili kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Wakenya, Watanzania, Wakongo na wengine wa ukanda wetu wamevaa sare za Marekani wakiwa na kadi za ukaazi, na mpango wa kuandikisha wageni wenye lugha adimu, ulioanza mwaka 2009 na kusimamishwa 2016 baada ya kuchukua watu zaidi ya 10,000, ulikitaja Kiswahili miongoni mwa lugha zilizotakiwa. Waliopangiwa ugavi au usafirishaji, beji yao ni ile ya 2005, Beji ya Kushiriki Mapigano, na kwao ukomo wa Septemba 2001 si kikwazo. Vita vyenyewe vimewahi kufika pwani yetu: tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, kaunti ya Lamu, wakaua askari mmoja wa Marekani na wakandarasi wawili. Mkandarasi ni raia, hivyo Purple Heart haimhusu. Kwa askari aliyekuwepo, swali ni kama alishambuliwa yeye binafsi, na kama amri za utumishi na hati zake za mshahara zinaonyesha kwamba alikuwa katika eneo la malipo ya hatari, kwa sababu hilo ni sharti la Beji ya Kushiriki Mapigano.

Kwa ndugu zetu hao kuna jambo moja la kuzingatia mapema. Wengi wao waliandikishwa kwa mpangilio mmoja wa majina, wakaapishwa uraia kwa mpangilio mwingine, na wengine wakabadilisha jina la ukoo kabisa siku ya kiapo. Kadi ya matibabu yenye jina la awali, taarifa ya kikosi yenye herufi zilizokosewa na DD 214 yenye jina jipya zinaweza kuonekana mbele ya mchambuzi kama watu watatu. Cheti cha uraia au amri ya mahakama ya kubadilisha jina iwekwe juu kabisa ya viambatisho, ikifuatiwa na ukurasa mmoja unaoeleza kila jina lilitumika kuanzia lini hadi lini na katika hati ipi.